Mfano Niliomnyima Bwana Shauri

Songea, nyumbani, Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri

Mwanangu Saidi,

Barua za watu huanza kwa kusema kwamba sisi huku ni wazima wa afya, hofu ni kwako tu uliye mbali. Mimi siwezi kuanza hivyo kwa sababu bado hujaondoka. Umekwenda Matogoro na mama yako kumuaga bibi yako, mtarudi jua likipungua, na kesho alfajiri utafuatana na wapagazi wa njia ya Tunduru mpaka Lindi, ukawe mkalimani katika boma la huko. Nimepata nyumba tupu kwa nusu siku. Nimekaa barazani na karatasi alizonipa karani, na nimechoka hata kabla sijaanza, maana barua hii nimeiandika kichwani miaka minane na sijawahi kuimaliza.

Mambo ya safari sikuambii. Mama yako ameshakuambia habari za kuchemsha maji na za kutolala karibu na mto, na bibi yako sasa hivi anakurudia hayohayo kwa Kingoni na kuongeza yake. Nikikuongezea na ya kwangu utafika Tunduru huna hamu ya kusikia sauti ya mtu mzima yeyote. Mimi nina neno moja tu la kukupa.

Juzi Bwana Shauri wa boma letu, huyu mpya mwenye miwani anayependa kuandika maneno yetu katika kitabu chake, aliniita akaniuliza maana ya bumbuwazi. Alilisikia kwa mpishi wake. Nikamweleza kwamba kushangaa ni kazi ya macho, mtu anaweza kushangaa huku anatembea na kutafuna muhogo wake. Kustaajabu kuna heshima kidogo, watu huyastaajabia mambo ya Mungu. Kuzubaa ni kwa mvivu, na kubabaika ni kwa mwenye maneno mengi yasiyoshikana. Lakini aliyepigwa na bumbuwazi, nikamwambia, ana masikio yake, ana ulimi wake, na akili zake ni timamu. Ila ameulizwa au ameonyeshwa jambo ambalo haoni pa kulishikia. Basi anasimama, mdomo wazi, na hakuna kinachotoka.

Bwana akaandika yote, taratibu, kisha akasema, "Nipe mfano, mkalimani. Neno bila mfano sijalipata."

Nikampa mfano wa mtu aliyemfunga mbuzi wake jioni, asubuhi akaikuta kamba imefungwa vilevile na mbuzi hayupo. Alicheka, akauandika. Nikarudi nyumbani nikashindwa kula. Mama yako aliuliza nina nini, nikamwambia tumbo.

Mfano wa kweli ninao, Saidi. Niliuona kwa macho yangu, karibu kiasi cha kuugusa. Ni mjomba wako Luambano, kaka yake mama yako, yule aliyekuwa akikubeba mabegani mpaka kilimani na kukurudisha umelala. Wewe na mama yako na watu wote wa Matogoro mnajua kwamba alinyongwa hapa bomani kwa sababu alikiri kuwa na maji ya vita, ile dawa ya kuzuia risasi, nyumbani kwake. Hakukiri. Mimi ndiye niliyesema amekiri.

Nimeliandika sasa, na siwezi kulifuta kwa kuwa nimeandika kwa wino. Ukitaka kuiweka barua chini hapa, iweke. Ukiweza, endelea, maana kesho unakwenda kuifanya kazi ileile iliyonifikisha hapo.

Unajua kwamba nilitoka Nalasi nikiwa kijana. Sisi Wayao wa kule tulikuwa tukifuatana na wafanyabiashara wa pwani, kwa hiyo Kiswahili nilikuwa nacho. Kingoni nilikipata hapa, kwa mama yako. Nilipomwoa nilikuwa nikisema kama mtoto, naye alinicheka mwaka mzima. Nikiomba chakula kwa maneno mabovu anakaa na chungu chake kimya mpaka niseme sawasawa. Nilikonda, lakini nilijifunza. Kumbuka hilo unaposoma yaliyobaki, kwamba lugha niliyokuwa nikiisema mbele ya mjomba wako nilifundishwa na dada yake.

Kazi yenyewe nilifundishwa na mzee Feruzi, mkalimani aliyenitangulia, marehemu sasa. Ilikwenda hivi. Bwana anasema Kiswahili chake, sisi tunakipeleka kwa Kingoni, jibu tunalirudisha kwa Kiswahili, na karani anaandika. Watu walikuwa wengi, na Bwana wa wakati ule aliweka saa yake mezani, wazi, kila mtu aione. Daftari la karani lilikuwa na safu mbili, moja ya waliokiri na moja ya waliokana. Safu ya tatu haikuwapo. Siku yangu ya kwanza mzee Feruzi alinivuta pembeni akaniambia nisiache kimya kikae katikati, kwa sababu Bwana akikiona kimya atadhani mimi ndiye nisiyejua kazi. Alikuwa mtu mwema, na alinifundisha alivyofundishwa.

Nami nikalishika somo lake. Baada ya miaka michache hapakuwa na mkalimani mwepesi kama mimi kutoka hapa mpaka ziwani. Bwana hajafunga mdomo, mimi nimeshafungua wangu. Nilipokuwa sijaelewa nilikisia, na mara nyingi nilikisia sawa, ndiyo maana sikuacha. Watu walinisifu, na mimi nilivaa kanzu nyeupe na kutembea katikati ya njia. Ungeniona ungecheka.

Vita sikusimulii. Ulikuwa na umri wa kuukumbuka moshi. Unaukumbuka pia wakati uliofuata, bunduki ziliponyamaza, na askari wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua nafaka na kuchoma maghala, watu wakachimba mizizi. Sisi tuliokaa chini ya boma tulikula. Ulikuwa ukitoka nje na kipande cha mkate wa mahindi, mama yako anakurudisha ndani ukale huko, watoto wa wenzetu wasikuone. Hilo nalo halisemwi katika nyumba hii.

Mjomba wako hakwenda vitani. Vita vilipoanza alimjia mama yako usiku akamwapia kwamba hakuyanywa yale maji na hatayanywa. Alisema hamwamini mtu anayemwambia kwamba risasi ni mvua. Mama yako alimwamini, maana hawakuwa wakifichana kitu tangu utotoni, hata mambo yaliyofaa kufichwa. Lakini nyumba yake ilichomwa paa na askari kama nyumba nyingine zote za upande ule, na mvua zilikuwa karibu.

Wewe unajua desturi ya huku. Hakuna anayeezeka nyumba peke yake. Unawaita majirani, wanakata nyasi, wanapanda juu, na jioni wanakuta pombe. Bila pombe hujawaita, umewasumbua tu. Mjomba wako alikuwa amefukia mfuko mdogo wa ulezi siku askari walipokuja. Ndio uliobaki katika nyumba ile, chakula na mbegu pamoja. Akaugawa, na nusu yake mkewe akauloweka katika kibuyu kikubwa ili autengeneze kimea cha pombe. Kibuyu wakakificha chini ya kitanda kwa sababu siku zile punje moja ya nafaka ilikuwa ya kufichwa.

Nilikiona kibuyu hicho. Nilipita pale nikitoka kupeleka ujumbe kwa jumbe wa upande ule, mkewe akanikaribisha, akainua mkeka na kunionyesha, akijivuna kwamba askari hawakukipata. Akaniambia nije siku ya kuezeka. Akasema hata kama dini yangu hainiruhusu, nitakaa tu na wanaume wenzangu. Akacheka, kwa sababu alijua kwamba dini yangu ilikuwa ikilegea kidogo nikifika Matogoro. Mungu anisamehe na hilo. Nilimwambia nitakuja.

Sasa fikiri. Maji ya vita yalikuwa vipi? Maji yenye punje za nafaka ndani yake, katika kibuyu au chupa. Askari aliyekuja siku mbili baadaye kutafuta chakula, akainama chini ya kitanda, aliona kibuyu cha maji chenye punje kimefichwa. Hakuwa mtu wa huku, hajawahi kuona kimea kinavyoanza. Alimfunga mjomba wako kamba akamleta bomani na kibuyu chake. Mkewe alikimbilia msituni, juu ya Matogoro, na njaa ikammaliza huko kabla ya mtu yeyote kumwona. Bibi yako na mama yako walikuwa hapa nyumbani, bibi yako akiwa na homa, na habari ya kibuyu hawakuijua. Kwa hiyo, ukimtoa mjomba wako mwenyewe, pale bomani alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua kwamba kile kibuyu ni cha pombe ya kuezekea nyumba, na mtu huyo alikuwa amesimama kando ya meza ya Bwana, amevaa kanzu nyeupe.

Walikuwa watu kumi na wawili asubuhi ile. Mjomba wako alikuwa wa saba. Sikujua kama yumo mpaka walipomsogeza mbele. Bwana alikuwa na homa, Kiswahili chake kilikuwa kikimponyoka, na aliuliza maswali matatu kwa pumzi moja. Alijua maji haya ni ya nini, na kama hakujua kwa nini aliyaficha, na kama alijua kwa nini hakuyapeleka kwa jumbe wake? Mimi mwenyewe nilipotea katikati. Nilipaswa kumwomba Bwana aligawe swali lake. Badala yake nilimpelekea mjomba wako kitu kifupi, hata sikumbuki vizuri, kitu kama kwamba anaulizwa habari ya maji yake.

Akakitazama kibuyu pale mezani. Akamtazama Bwana, akanitazama mimi, akakirudia kibuyu. Huyu ni mtu aliyechomewa paa, amefungwa kamba, ameletwa mbele ya Mzungu mwenye saa na bunduki kumi nyuma yake, na Mzungu anamuuliza habari ya kimea cha mkewe. Mdomo wake ukafunguka. Hakikutoka kitu. Hakuwa na hofu, Saidi, hofu naijua, nimeiona kwenye nyuso nyingi mahali pale. Alikuwa anajaribu kuelewa, kwa akili yake yote, na hakuona pa kushikia.

Halafu akanigeukia mimi, kwa sauti ya chini, kama tuko uani kwake tunangojea chakula.

"Mlamu," akasema, "huyu anataka nini na kimea?"

Mlamu. Shemeji. Pale hapakuwa na mtu aliyejua kwamba yule ni shemeji yangu. Mwezi uliotangulia Bwana alikuwa amemtia akida mmoja minyororo kwa sababu tu ndugu yake alionekana upande wa pili. Nikaona kwamba nikisema ni kimea, nitaulizwa nimejuaje, na nikisema nimejuaje, nitaulizwa nilikuwa nafanya nini nyumbani kwake.

Bwana akauliza, "Anasema nini?"

Saa ilikuwa mezani. Nilikuwa na jibu la kweli ambalo halikuhitaji ushemeji wala kimea. Ningeweza kusema, Bwana, hajaelewa anachoulizwa. Maneno hayo hayakuwa na hatari kubwa. Lakini yangekiacha kimya katikati, na Bwana angenitazama mimi, na mimi nilikuwa mkalimani mwepesi.

Nikasema, "Amekiri, Bwana."

Karani akaandika katika safu yake. Na mjomba wako, aliposikia nimejibu, akanitikisia kichwa kunishukuru. Hakukijua Kiswahili. Alidhani nimemweleza Bwana habari ya kimea. Bwana akakiona kichwa kinatikisika, akaridhika, akaita wa nane.

Kesho yake asubuhi, siku ya kumnyonga, sikwenda kazini. Nilisema nina homa. Waliokwenda wanasema alikuwa akigeuzageuza kichwa akimtafuta mtu. Hilo sikuliona, nimeambiwa tu, na sikuweza kumuuliza aliyeniambia aseme zaidi.

Mama yako aliniuliza swali moja, jioni ile. Hakulia wakati wa kuuliza. Aliuliza, "Kakangu alisema nini?" Nikamjibu kwamba alikiri. Tazama jinsi uongo unavyozoea mdomo, mara ya pili ulitoka bila kukwama. Akarudia, kama mtu anayejifunza lugha, "Alikiri." Kisha akaingia ndani.

Kifo cha kaka yake angekibeba. Wanawake wa huku walibeba vifo vingi mwaka ule, na naye angebeba chake pamoja nao. Alichoshindwa kukibeba ni kwamba kaka yake alimwapia, na kumbe alimdanganya. Umemwona mwenyewe, miaka yote hii, anasimama na mwiko mkononi, ugali unaungua, anatazama ukutani. Wewe ukiwa mdogo ulisema mama analala macho wazi. Anajiuliza kwa nini alimficha. Nimemwona akijiuliza zaidi ya siku elfu, na jibu ninalo, nimelikalia kama kuku mgonjwa.

Nawe nilikukosea kwa jambo hilohilo. Nilipokufundisha kusoma, ukawa ukifika mahali pagumu unainua macho unasema, baba, sijaelewa. Nilikuwa nakupiga kofi. Si kwa sababu ulikuwa mjinga, wewe hukuwa mjinga hata siku moja. Nilikuwa siwezi kuutazama uso wa namna ile, mdomo wazi, macho yananiomba. Ukaacha kusema hujaelewa. Ukajifunza kutikisa kichwa. Walimu wako wakakusifu kwamba kijana huyu anashika upesi, na mimi peke yangu nilijua umepata wapi wepesi huo. Naomba radhi, mwanangu. Mzazi haombi radhi kwa mtoto katika desturi zetu, lakini nimechoka kuzishika zile zinazonifaa mimi tu.

Ulipokuwa na miaka kumi uliniuliza mjomba aliyapata wapi yale maji. Nikakutuma kuni. Tulikuwa na kuni mpaka darini siku ile.

Utasema, baada ya hapo ulifanyaje, baba, mbona uliendelea na kazi? Niliendelea kwa sababu sikujua nyingine, na kwa sababu niliogopa kwamba nikiacha wataniuliza kwa nini. Ila nilikuwa mzito. Mwaka uliofuata, chini ya Bwana mwingine, aliletwa mwanamke mmoja mzee aliyesimama vilevile, mdomo wazi. Nikasikia sauti yangu inasema, "Bwana, hajaelewa." Nilitukanwa. Bwana akauliza tena, nikasema tena hajaelewa, na mimi sijaelewa pia. Nilichapwa viboko kumi mbele ya askari. Lile kovu la begani ulilodhani ni la mti ndilo hilo. Yule mama aliulizwa upya, polepole, akajibu, akaenda zake kwake.

Viboko kumi, Saidi. Niliporudi nyumbani nikilala kifudifudi niliwaza kwamba pengine ndicho kitu chote nilichokuwa nakiogopa siku ya mjomba wako. Pengine wakati wa vita viboko vingekuwa vingi zaidi, au minyororo, au kamba. Sijui. Nimejaribu kulikadiria jambo hilo kila upande na sijapata usingizi.

Sikuzuii kwenda. Umepata nafasi ambayo vijana wengi wanaitamani, na mama yako ameshaisema kwa kila jirani kuanzia hapa mpaka Msamala. Wala sikuambii kwamba utakutana na jambo kama langu. Labda utatafsiri kesi za kuku na mipaka ya mashamba mpaka uzeeke, na Mungu akujalie hivyo. Lakini siku moja atasimama mtu mbele yako, ameulizwa, na mdomo wake utakuwa wazi. Watu wote watakutazama wewe. Utajisikia umevuliwa nguo. Utakuwa na hamu kubwa ya kukijaza kile kimya, na maneno ya kukijaza yatakuwa tayari, maana wewe ni mwepesi kama nilivyokuwa mimi. Mimi nilipofika pale hapakuwa na mtu aliyewahi kuniambia kwamba naruhusiwa kungoja. Sasa wewe umeambiwa.

Hujaelewa, sema hujaelewa. Utaonekana mjinga, na mchana utapita.

Ukipita Nalasi wasalimie wazee wangu walio hai. Usiwasimulie haya. Hayo utawasimulia watoto wako ukiwa nao, kama utaona yanafaa.

Nasikia sauti ya bibi Asumini jirani anawapokea njiani. Mmerudi. Naiweka karatasi chini ya mkeka. Nilikusudia kuimalizia hapa, nikupe asubuhi, na mama yako nimwache kama alivyo. Sasa naona jinsi ninavyotaka kufanya. Nataka wewe uichukue habari hii mpaka Lindi, mbali, nami nibaki hapa na ugali wangu. Hata barua hii ni ya mkalimani yule mwepesi.

*

Nimerudi. Jua bado lipo kidogo, naandika upesi. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa shule.

Nimemwambia mama yako. Alikuwa ameketi jikoni, anapepeta unga wako wa njiani. Nilimwambia nina neno juu ya Luambano, naye hakuinua uso, akaendelea kupepeta, nami nikasema yote kwa Kingoni, kama alivyonifundisha, bila kuruka. Nilipofika kwenye kibuyu ungo ulisimama. Nilipomaliza tulikaa. Nje mtu alikuwa akipasua kuni, nikahesabu kuni tisa.

Kisha akauliza swali lile la jioni ile, kwa maneno yaleyale.

"Kakangu alisema nini?"

Nikamjibu, "Alisema, mlamu, huyu anataka nini na kimea."

Akafunga macho. Akasema, si kwangu, "Basi hakunidanganya." Akalia, Saidi. Sijamwona akilia hivyo tangu nimwoe, hata siku ile. Nilinyoosha mkono nikaurudisha. Alipotulia alijifuta kwa kanga, akauchukua ungo, akaendelea na unga wako. Hajanitazama. Nimeketi pale mpaka nikaona kwamba kukaa kwangu ni kumwomba kitu, nikanyanyuka nikaja huku.

Asubuhi utamkuta hivyo. Utaona uso wake na utataka kuniuliza, maana maisha yako yote umeniuliza mama anasema nini, naye amenyamaza, na mimi nimekuwa nikikujibu kwamba amechoka, amekasirika, amekubali, mwache. Safari hii usiniulize. Nimeutazama uso huo miaka ishirini na Kingoni chote ninacho, na leo sijaelewa kilichomo. Mama yako hajajibu. Nami sitajibu kwa ajili yake.

Nenda salama, mwanangu.

Baba yako